Unakwenda Peke Yako

Uru, Jumapili jioni

Mwanangu Yustina,

Hii ni barua, usishtuke. Najua tunaishi nyumba moja na ningeweza kukuita jikoni nikakwambia. Lakini wewe na mimi tunajua kwamba maneno yangu ya mdomo yanakujia kama mvua ya kwenye bati, unashika la kwanza na la mwisho, ya katikati yanapotea. La kwenye karatasi linakaa. Unalisoma, unaliacha, unalirudia ukitaka. Umekwenda na baba yako kumuaga bibi, na bibi yako hamwachii mtu aondoke bila kunywa mtori wake wa ndizi, kwa hiyo nina nafasi. Nimekaa mlangoni kwenye mwanga, daftari jipya, kalamu ya bluu. Wewe utakuja na nyekundu, nakujua. Mimi ni wa darasa la saba, na nasemaga "nasemaga", na hutaki. Sahihisha unavyopenda, ila maana uiache.

Sitakuandikia habari za sabuni wala chandarua. Hayo umeyaandika mwenyewe kwa kufuata alfabeti na kuyabandika ndani ya kifuniko cha begi. Aisee, mlima huu mzima nionyeshe msichana mwingine aliyefunga begi lake kwa alfabeti! Nakuandikia kuhusu jana.

Jana mezani nilikuwa namweleza baba yako safari yetu. Kwamba mimi nitakaa dirishani kwa sababu ya kichefuchefu. Kwamba nitakaa Morogoro mwezi mzima mpaka uwazoee watu, na niwaeleze hapo kazini namna ya kuzungumza na wewe. Nilikuwa na furaha, nilikuwa nasema na mikono. Ukaweka kijiko chini. Ukaitazama chumvi, ukasema, "Unakwenda peke yako."

Nikacheka. Nikakwambia, "Mimi niende peke yangu, kwani mimi ndiye niliyepata kazi?"

Baba yako hakucheka. Akasema, "Mama Yustina, unajua vizuri anamsema nani."

Nilijua. Nani ajue kama si mimi? Tangu utotoni ukibanwa, "mimi" yako inageuka "wewe". Ulikuwa unasema unakwenda wewe, bila mimi. Nami nikajibu neno moja, "Wawili," kama karani anayegonga muhuri. Ukainuka ukaacha ndizi zako nusu.

Lile halikuwa jibu. Jibu langu liko humu, lakini naomba unipe nafasi nilifikie taratibu, maana limepita njia ndefu.

Ulikuwa na miaka minne na hujasema neno. Watoto wa wenzangu walikuwa wanaomba, wanatukana, wanasengenya. Wewe ulikuwa unavuma tu, mmm, mmm, kama nyuki kwenye mgomba. Watu wakaniambia nikupeleke huku, nikupeleke kule. Halafu mchana mmoja nachambua maharage, nasikia nyuma yangu: "Ifuatayo ni taarifa ya habari." Nikageuka nione nani amewasha redio. Redio imezimwa. Umesimama wewe, kidole kinapita kwenye ukingo wa kabati, kinapita, kinarudi.

Nilimwaga maharage yote. Nilikimbia mpaka njia kuu bila kitambaa kichwani, napiga vigelegele. Mama Kalisti jirani akatoka na mwiko mkononi.

"Kuna nini?"

"Mtoto amesema!"

"Bwana asifiwe! Amesema nini? Mama?"

"Amesema ifuatayo ni taarifa ya habari!"

Akanitazama. Akarudi kwenye chungu chake. Yeye hakuona ukubwa wa jambo, lakini mimi niliona. Mtoto wa nani huku neno lake la kwanza lilikuwa maneno matano?

Na ulivyoyasema! Mimi "dhambi" inanitoka "zambi" mpaka leo, na "thelathini" ni "selasini". Wewe ulitamka kila kitu sawasawa na yule msomaji wa redioni, pumzi zake, mapozi yake, mpaka kile kikohozi kidogo cha kusafisha koo. Kichagga hukukigusa. Bibi yako akikusalimia "Shimbonyi," unamjibu, "Habari kamili zitawajia baadaye." Alikuwa anashika kiuno. "Huyu mtoto mmemwokota wapi? Amezaliwa Unguja?" Baba yako alikuwa anacheka mpaka anatoka nje. Mimi nilicheka pia, lakini moyoni nilikuwa naogopa. Ulikuwa unasema mengi, na hukuwa unaniambia kitu. Ndivyo nilivyodhani.

Kilichonitesa zaidi ni salamu. Unajua kwetu mtoto asiyeamkia wakubwa, anayeulizwa ni mama yake. Nilikuwa nakusukuma mgongoni: "Sema shikamoo babu." Nawe unasema, "Sema shikamoo babu." Nikakwambia, "Usiseme 'sema'." Ukasema, "Usiseme sema." Baadaye ukapata njia yako: ukimwona mtu mzima tu unamaliza yote kwa pumzi moja, "Shikamoo marahaba hujambo sijambo," unaondoka. Mzee anabaki mdomo wazi, hukumwachia hata neno lake. Halafu ukaona ndefu hiyo, ukaikata. Ukabakiza "Marahaba."

Sasa nafika pale penye aibu yangu, na sitapita haraka.

Ilikuwa Krismasi, una miaka saba. Wote wamepanda mlimani, wa Dar, wa Nairobi, magari yamejaa kihambani, kwenye shamba letu la ukoo, mpaka kwenye kahawa. Mbuzi amechinjwa. Babu Leonsi, mkubwa wa ukoo, amekaa kwenye kiti chake na fimbo yake, wajukuu wanapita mmoja mmoja kumwamkia. Nilikuvalisha gauni jeupe. Nilikuwa nimekufundisha wiki mbili. Zamu yako ikafika. Babu akainama, akaweka sikio karibu. Wewe ukaitazama fimbo, siyo uso wake, ukasema wazi, kwa sauti ya habari za saa, "Marahaba."

Shangazi yako wa Dar akasema kwa sauti ya kicheko, "Makubwa! Huyu anataka babu ndiye amwamkie!" Wakacheka wote. Mwingine akauliza, "Mama yake hamfundishi?"

Nilikupiga kofi, Yustina. Mbele ya ukoo mzima, na siyo kofi la mchezo. Hukulia. Ulishika shavu ukaendelea kuitazama fimbo. Na usiku ule bibi yako akasema redio ndiyo imekumeza ulimi, kwamba mtoto anayesikiliza watu wasioonekana atasemaje na wanaoonekana. Nami nikaona ndiyo, adui ni redio. Nikatoa betri, nikaifunga kwenye gunia, nikaipandisha darini kwenye mahindi. Baba yako alinung'unika kuhusu matangazo ya mpira, lakini nilikuwa mkali, hukuwahi kuniona hivyo.

Ukanyamaza. Kila kitu. Hata kuvuma ukaacha.

Na mimi mama yako, hebu sikia nilichofanya: nikajisifu. Baada ya misa nilikuwa nawaambia wenzangu, "Yustina ametulia siku hizi, hasumbui, ile redio ilikuwa inamharibu." Nilijisifia kimya chako kama mtu anavyosifia ng'ombe aliyeacha kupiga teke. Januari ikapita, Februari, mvua za masika zikaanza, na mimi natamba.

Kilichonifumbua macho ni kabati. Siku moja nilirudi kutoka kukata majani ya ng'ombe nikakukuta umesimama mbele ya kabati pale redio ilipokuwa inakaa. Umesimama wima, sikio limeelekea ubao mtupu. Nikakuita, hukugeuka. Nikasubiri. Baada ya kama robo saa ukaondoka, ukaenda zako kwa kuku. Kesho yake nikakuvizia. Saa saba kamili mchana ukaja. Robo saa. Ukaondoka. Keshokutwa vilevile. Ulikuwa unakuja kusikiliza taarifa ya habari isiyokuwapo.

Nilikaa kwenye kigoda nikalia mpaka kitambaa kikalowa. Jioni nikamwambia baba yako. Akasema tu, "Kashushe redio." Lakini mimi niliona redio haitoshi. Kukurudishia ulichonyang'anywa siyo kuomba msamaha.

Nikaenda kwenye ua nikachuma jani la sale. Wewe unajua, lakini nitaliandika kwa sababu huko uendako hawajui: kwetu mtu aliyekosa anamletea jani la sale aliyemkosea, analikunja, anampa, na anayepewa hawezi kukataa. Maneno hayahitajiki. Jani lenyewe ndilo linasema. Bibi yako akaniona nakuja nalo uani.

"Unampelekea nani?"

"Yustina."

"Sale kwa mtoto! Umeona wapi mzazi anamwomba mtoto wake radhi? Utakuwa unachekwa mpaka sokoni Kwa Sadala."

"Wacheke," nikasema.

Ulikuwa umekaa kwenye gogo. Nikapiga magoti, mimi na unene wangu huu, kwenye tope. Nikakupa. Sikusema kitu, na kwangu mimi kutosema kitu ni kazi kubwa kuliko kubeba mkungu. Ulilipokea. Ukalinusa. Ukalipasua katikati kwa ukucha, polepole, toka shina mpaka ncha. Nikadhani umelikataa. Halafu, baada ya miezi mitatu bila sauti, ukasema:

"Tunawaomba radhi wasikilizaji wetu kwa hitilafu iliyojitokeza. Sasa tunaendelea na matangazo yetu."

Aisee, Yustina! Bibi yako alikuwa amesimama pale, aliona kwa macho yake, muulize leo hii. Alishika mdomo. Hukuwa unaimba kama kasuku. Ulikuwa umetafuta kwenye akiba yako yote ya maneno, ukachukua yale yanayosema radhi, yanayosema palikatika lakini tunaendelea, ukanipa. Ulikuwa unaniambia! Pengine miaka yote ulikuwa unaniambia na mimi ndiye niliyekuwa sijui kusikiliza.

Kuanzia siku ile nikawa mwanafunzi. Sijawahi kusoma kwa bidii namna ile, shuleni sikuwa na lolote. Nikagundua "Habari kwa ufupi" maana yake nina la kusema lakini usiniulize zaidi. "Na huo ndio mwisho wa taarifa ya habari" maana yake nimechoka, niacheni. Baba yako akirudi kutoka kwenye mbege anayumba, ulikuwa unasema kutoka dirishani, "Hali ya hewa. Mawingu na mvua za hapa na pale," na mimi naandaa maji ya kunawa na kauli ya kumpokea. Baba yako mwenyewe alipojua alikuwa anapiga hodi anauliza, "Leo hali ya hewa ikoje?" Ukimjibu "Jua," anaingia kifua mbele.

Wakati huo bado hukuwa na "mimi". Ukitaka maji unasema, "Unataka maji?" kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nakuuliza kabla ya kukupa. Nilijaribu kukugeuza, "Sema nataka," unasema, "Sema nataka," tunarudi kulekule. Nikaacha. Ikaja wiki ya Komunyo yako ya kwanza, nikakuletea sweta jeupe la mtumba, zuri, la sufu. Nikalipitisha kichwani. Ukajikunja, ukalivua, ukalitupa, ukasema, "Sitaki."

Nikasema, "Umesemaje?"

"Sitaki. Linauma."

Si-ta-ki! Wewe mwenyewe, umejisema mwenyewe! Nilitoka tena mbio kwa Mama Kalisti. "Yustina amesema sitaki!" Mama Kalisti akaniambia, "Wangu wanasema hivyo tangu asubuhi, njoo uwachukue." Hukuvaa lile sweta, ulitetemeka kwa baridi kanisani na mimi nilikuwa natabasamu kama nimeshinda bahati nasibu. Watu wakasema Mama Yustina anashangilia ukaidi. Walisema kweli. Huo ukaidi uende nao, mwanangu, uweke juu kabisa kwenye begi, hata kama alfabeti yake haijafika.

Neno lenyewe, usonji, tulilisikia ukiwa mkubwa tayari, kutoka kwa yule daktari mama kule mjini. Unakumbuka, uliyempenda kwa sababu hakukulazimisha kumtazama machoni. Nilimuuliza, "Ulimi wake una nini?" Akasema ulimi hauna kitu. Akasema watoto wengi wanaokota lugha neno mojamoja, lakini wapo wanaoichukua kwa mafungu, sentensi nzima na sauti yake, halafu wanakuja kuifungua baadaye wakiwa tayari. Nikamwambia, "Daktari, usiendelee, nimeelewa. Wengine wanachuma ndizi mojamoja. Wangu alibeba mkungu mzima begani, akafika nao nyumbani, ndipo akaanza kukata vichane." Akacheka, akaandika ule mfano kwenye karatasi yake. Mfano wangu, wa mama wa darasa la saba. Nilitoka pale nimerefuka.

Nikamuuliza pia kama kofi langu na lile gunia ndivyo vilivyokuharibu. Akanijibu kwamba ulizaliwa hivyo, sikukufanya hivyo mimi. Halafu akaongeza, "Lakini kumnyamazisha mtoto kunaumiza, mama." Nashukuru hakunificha.

Sasa ngoja nikwambie kosa langu la pili. La kwanza lilikuwa la kukunyamazisha. La pili ni la kukusemea, na hili nimelifanya kwa upendo mtupu, ndiyo maana limedumu.

Nilipojua kukuelewa nikaona mimi ndiye ufunguo. Dukani nasema mimi. Shuleni mwalimu anakuuliza, najibu mimi. Sokoni mtu akisikia unavyotamka anasema, "Karibu dada wa Pwani," mimi narukia, "Wa Uru huyu, mbegu yangu!" hata kama alikuwa anakusemesha wewe. Mpaka kwenye kitubio! Ulikuwa na miaka kumi na miwili, foleni ndefu, Paroko anasubiri na wewe umenyamaza, nikaingiza kichwa pale kwenye pazia nikamwambia, "Baba, huyu dhambi zake ni kutotii na kumpiga jogoo mawe." Paroko akasema, "Mama, toka nje." Nikatoka, lakini nilibaki karibu. Sikusikia kitu. Ulikaa humo muda mrefu kuliko mtu yeyote, ukatoka uso umekunjuka, na mpaka leo sijui ulimwambia nini kwa lugha ipi. Ningekuwa na akili ningejifunza pale pale.

Halafu vikaja hivi vitabu vipya vya shule, vya makampuni, kila mtu siku hizi anachapa. Mdogo wa Mama Kalisti alileta kimoja cha darasa la tatu, ukakisoma, ukaanza kuvuma. Ukachukua kalamu nyekundu. Ukurasa wa kumi na mbili waliandika, "Mwizi huizunguka dunia." Baba yako akasema hilo siyo kosa, ni kweli tupu. Wewe hukucheka, ukafuta i ukaweka e. Siku tatu hukutoka chumbani. Ukawaandikia waliokichapa makosa yote, ukurasa na mstari, na mwishoni ukaweka, "Tunawashukuru kwa kuwa nasi." Nilikubebea barua hiyo posta mimi mwenyewe, na kila niliyekutana naye njiani alijua ndani yake kuna nini.

Wakajibu! Wakasema njoo Morogoro tukuone! Nilisoma ile barua kwa sauti kanisani, sokoni, kwenye msiba wa watu.

Lakini siku ile Morogoro, ofisini, ndiyo nataka tuizungumze, kwa sababu tangu turudi hatujaigusa. Yule kijana mwenye miwani, mkuu wa kitengo, aliniamkia vizuri. Akakugeukia wewe. "Dada Yustina, ulianza lini kupenda kusoma?" Nikajibu mimi: tangu mdogo, alikuwa anasoma mpaka maandishi ya gunia la mbolea. "Unafanya kazi vizuri asubuhi au mchana?" Nikajibu asubuhi, mchana anachoka. "Ungependa kukaa na wenzako, au peke yako?" Nikavuta pumzi nijibu.

Ukasema, "Mama, zima."

Yule binti wa kwenye kompyuta akaguna kwa kicheko. Nilisikia joto mpaka masikioni. Mama mtu mzima, mwenyekiti wa kina mama wa jumuiya, nimeambiwa nizimwe kama redio! Nikafunga mdomo. Kikaja kimya. Yustina, kile kimya kilikuwa kirefu. Nilisikia feni inazunguka. Nilisikia mtu anapiga chafya chumba cha tatu. Ulimi wangu ulikuwa unanichoma, ninalo jibu, ninalo hapa mdomoni. Yule kijana alisubiri tu, anazungusha kalamu. Hakuonekana ana shida. Ndipo nikaona kwamba kile kimya mimi nimekuwa nakijaza miaka yote kwa sababu kinanitisha mimi. Wewe ulikuwa kazini humo ndani, unakata kichane chako.

Ukasema, "Peke yangu. Dirisha lisiwe nyuma yangu. Mtu akitaka kitu aniandikie, nitamjibu siku hiyohiyo."

Akasema, "Sawa kabisa." Akaandika.

Maneno kumi na matatu, yote yako, hakuna hata moja la redio! Na mimi mama mjinga, kwenye basi la kurudi, badala ya kukusifu, nilinuna mpaka Korogwe. Niliona umeniaibisha. Baadaye nikajifanya nimesahau, nikaanza kupanga nakwenda kukaa na wewe mwezi mzima, niwaeleze. Niwaeleze nini? Ulishawaeleza.

Ukweli ni huu. Niliogopa wewe hutaweza bila mimi, ndivyo nilivyomwambia kila mtu. Lakini tangu jana mezani nimejiuliza, na jibu nililolipata sikulipenda. Naogopa utaweza. Nimekuwa mdomo wa mtu miaka kumi na mitano, nikiamka kesho kutwa sina wa kumsemea, nitafanya nini na maneno yote haya? Itabidi nimsemee baba yako, maskini.

Kwa hiyo sikia jibu langu, liweke badala ya lile la jana: utakwenda peke yako.

Begi langu nimeshalifungua, khanga zimerudi sandukuni. Morogoro sitakuja mpaka uniite, na ukiniita kwa maneno yoyote, ya redio, ya karatasi, au yaliyogeuzwa, nitaelewa. Wako watakaokucheka. Wengine watapandisha sauti wakidhani husikii, wengine watakusemea kama mimi, nao watakuwa wema kama mimi, na hao ndio wagumu zaidi. Nimekuona ofisini ukifanya kazi hiyo, na kama uliweza kumzima mama yako, mtu wa Morogoro ni nani?

Nami huku nitajivuna. Usinikataze. Nitasema mtoto wangu ndiye anayewasahihisha wanaowafundisha watoto wa nchi hii, na atakayesema natia chumvi nitamletea kitabu.

Nakuomba kitu kimoja tu. Kesho nikusindikize mpaka stendi. Nitabeba begi. Sitapanda. Konda atakuja kuuliza unakwenda wapi, wanauliza haraka wale, na wewe hutajibu haraka. Mimi nitageuza uso niutazame mlima, kama hauna wingu nitaona theluji, kama una wingu nitalitazama wingu. Wewe chukua muda wako wote. Hata watu wapige kelele nyuma, hata dereva apige honi, mimi sigeuki mpaka nisikie umemwambia.

Ni mimi mama yako,
anayekupenda na kukuringia,

Mama Yustina